Namna ya Kuandika Historia ya Utumishi wa Nyambizi ya Mwanzo ya Ufaransa

Anayetaka kuandika historia ya utumishi wa nyambizi ya Ufaransa iliyoundwa kati ya 1888 na 1914 hukutana na tatizo kabla hajafungua jalada la kwanza, nalo ni kwamba hana uhakika anaandika juu ya chombo kipi. Jina Gustave Zédé lilibebwa na nyambizi iliyoshushwa majini Toulon mwaka 1893, kisha likapewa nyingine iliyoshushwa Cherbourg mwaka 1913. Jina Curie lilikuwa la nyambizi ya 1912, na mwaka 1943 likapewa nyambizi iliyoundwa Uingereza na kukabidhiwa Wafaransa Huru, yaani Wafaransa walioendelea kupigana na Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Farfadet, iliyozama Bizerte nchini Tunisia mwaka 1905, iliopolewa na baadaye ikaitwa Follet. Turquoise ilitekwa na Waosmani katika mlango wa Dardanelles tarehe 30 Oktoba 1915 ikapewa jina Müstecip Onbaşı, ilhali UB-26 ya Wajerumani, iliyonaswa karibu na Le Havre mwaka 1916, iliishia chini ya bendera ya Ufaransa kwa jina la Roland Morillot.

Kwa sababu hiyo mwandishi ashike kanuni moja tangu mwanzo: afuate chombo, asifuate jina. Historia ya utumishi ni historia ya mabamba yale yale ya chuma yaliyounganishwa chelezoni, kuanzia siku yalipoanza kuunganishwa hadi siku yalipokatwakatwa au yalipobaki chini ya bahari, bila kujali bendera ngapi zilipepea juu yake.

Kutambua chombo

Anza kwa kutafuta nambari ya orodha. Jeshi la maji la Ufaransa liliziorodhesha nyambizi zake za mwanzo kwa herufi Q ikifuatiwa na tarakimu: Gymnote ilikuwa Q1, Gustave Zédé ya kwanza Q2, Morse Q3, Narval Q4, Pluviôse Q51, Vendémiaire Q59 na Curie Q87. Nambari hiyo ikiandikwa juu ya kila ukurasa wa maelezo yako, kosa la kuchanganya vyombo viwili vyenye jina moja litakuwa gumu kutokea.

Baada ya nambari, kusanya tarehe za maisha ya chombo, na kila tarehe uiandike pamoja na aina yake. Nyaraka za Kifaransa hutofautisha siku ya kuanza kuundwa, siku ya kushushwa majini (lancement), siku ya kukabidhiwa wanamaji kwa ajili ya majaribio, siku ya kuingia rasmi katika utumishi, na siku ya kufutwa katika orodha ya meli za jeshi (radiation). Waandishi wengi huchukua siku ya kushushwa majini wakaiita siku ya kuanza kazi, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Gustave Zédé ya kwanza, iliyosanifiwa na Gaston Romazotti, ilishushwa majini tarehe 1 Juni 1893, lakini miaka iliyofuata ilimalizikia katika kuhangaika na betri na uthabiti wa chombo chini ya maji. Ilikuwa mwishoni mwa 1898 tu ilipoipiga manowari Magenta kwa torpedo ya mazoezi na kuwashawishi watu kwamba ilikuwa silaha. Anayesema kwamba Ufaransa ilikuwa na nyambizi kubwa ya kivita tangu 1893 anasema jambo ambalo bodi ya chombo, yaani gamba lake la chuma, inalithibitisha na utumishi wake unalikanusha.

Vipimo navyo vina tarehe. Gymnote, iliyotokana na wazo la mhandisi Henri Dupuy de Lôme na kusanifiwa na Gustave Zédé mwenyewe, mhandisi ambaye baadaye jina lake lilipewa nyambizi, ilishushwa majini Toulon tarehe 24 Septemba 1888 ikiwa na urefu wa karibu mita 18, uzito wa tani 30 na kitu, na betri zenye seli 564. Betri hizo zilibadilishwa baadaye, maana chombo kile kilikuwa maabara inayoelea, na mtu akinakili jedwali la 1888 kueleza safari ya miaka kumi baadaye atakuwa ameeleza mashine ambayo haikuwapo tena. Uzito pia una sura mbili, ule wa chombo kikiwa juu ya maji na ule wa chombo kikiwa kimezama. Narval ya mhandisi Maxime Laubeuf ilikuwa na tani 117 juu ya maji na 202 chini yake. Usiandike tani bila kusema ni zipi.

Mahali nyaraka zilipo

Nyaraka za jeshi la maji la Ufaransa za baada ya 1870 zinatunzwa na Service historique de la Défense, ambayo makao yake yako katika ngome ya Vincennes, mashariki mwa Paris, na ambayo ina matawi katika bandari za kijeshi za Brest, Cherbourg, Lorient, Rochefort na Toulon. Mgawanyo huu una maana kwa mtafiti. Mambo ya makao makuu, yaani mipango ya vita, barua za wizara na ripoti za makamanda zilizopelekwa juu, hutafutwa kwanza Vincennes, na kwa Vita vya Kwanza vya Dunia mafungu mengi yako katika mfululizo wenye alama SS. Mambo ya kiwanda na bandari hutafutwa katika tawi la mahali chombo kilipoundwa au kilipokaa. Kwa Narval nenda Cherbourg. Kwa Gymnote na Curie nenda Toulon. Kwa Farfadet anza Rochefort, ilikoundwa.

Kabla ya kufunga safari, maliza kazi inayoweza kufanywa kwa intaneti. Tovuti ya Mémoire des hommes, ya wizara ya majeshi ya Ufaransa, ina kadi za waliokufa vitani na picha za madaftari ya vyombo vya jeshi la maji vya 1914 hadi 1918. Gallica, maktaba ya kidijiti ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ina magazeti, orodha rasmi za maofisa na meli, gazeti la serikali, na picha za wakala wa habari Rol.

Utafutaji katika Gallica unahitaji ujanja kidogo. Nyambizi nyingi za 1907 hadi 1913 zilipewa majina ya miezi ya kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa au ya wanasayansi, na kwa hiyo atakayeandika Pluviôse peke yake ataletewa maelfu ya kurasa za sheria za miaka ya 1790, na atakayeandika Ampère ataletewa vitabu vya umeme. Tanguliza neno sous-marin, yaani nyambizi, kisha rudia kwa neno submersible, kwa sababu vyombo vya mtindo wa Narval, vyenye bodi mbili na injini maalumu ya kwenda juu ya maji, viliitwa hivyo katika nyaraka nyingi. Funga pia miaka ya utafutaji. Ukijua jina la kamanda, litafute pamoja na cheo chake, lieutenant de vaisseau, kwani maofisa huacha alama nyingi zaidi katika magazeti ya serikali kuliko vyombo walivyoongoza.

Kupima kila shahidi

Daftari la safari la chombo ndilo shahidi wa karibu zaidi, lakini ni shahidi mkavu: huandika upepo, mwendo, saa ya kuzama na saa ya kuibuka, na linaweza kupita wiki nzima bila kitu chochote cha kusimulia. Usizijaze siku hizo. Doria iliyorudi bila kuona adui ni sehemu kubwa ya utumishi wa nyambizi yoyote, na msomaji akiiona hivyo ilivyo ataelewa kwa nini tukio moja la dakika kumi lilitosha kumpa kamanda nishani.

Ripoti ya kamanda baada ya tukio ina uhai zaidi na pia ina nia. Kamanda anayeripoti kwamba torpedo yake ilipiga shabaha mara nyingi alisikia mlipuko tu, akiwa chini ya maji, periskopu imeteremshwa. Dai la namna hiyo liandikwe kama dai mpaka lipatikane jalada la upande wa pili.

Magazeti ni hatari zaidi, si kwa sababu yalipenda uongo, bali kwa sababu yalikuwa na hisa katika habari yenyewe. Baada ya mvutano wa Fashoda kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1898, gazeti la Le Matin liliendesha mchango wa wananchi uliosaidia kujenga nyambizi mbili, Français na Algérien. Makala za gazeti hilo za miaka ile juu ya uwezo wa nyambizi zisomwe kwa kukumbuka kwamba mwandishi alikuwa pia mkusanya fedha.

Jihadhari hasa na sifa ya kuwa wa kwanza. Foucault ilizamishwa na ndege za Austria-Hungaria katika Bahari ya Adriatiki tarehe 15 Septemba 1916, mabaharia wake wote wakaokolewa, na mara nyingi huitwa nyambizi ya kwanza kuzamishwa na ndege. Sifa hiyo inasimama ikiwa utaongeza kwamba ilikuwa baharini, kwa maana tarehe 9 Agosti mwaka huo huo nyambizi B10 ya Uingereza ilikuwa imeshazamishwa kwa mabomu ya ndege ikiwa imefungwa bandarini Venice. Maneno mawili ya mpaka yanatosha kuigeuza kauli yenye kasoro kuwa kauli ya kweli.

Saa na longitudo

Huu ndio mtego ninaouona mara nyingi zaidi katika kazi za watu makini, maana hauonekani. Mpaka Machi 1911 saa rasmi ya Ufaransa ilikuwa saa ya Paris, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa dakika 9 na sekunde 21. Sheria ya 9 Machi 1911 iliirudisha nyuma ilingane na Greenwich. Austria-Hungaria ilikuwa mbele kwa saa nzima, na mwaka 1916 nchi zote mbili zilianzisha saa za majira ya kiangazi kwa tarehe tofauti. Ukiweka ripoti ya Kifaransa kando ya ripoti ya Kiaustria ukaona torpedo imepiga saa moja kabla ya kurushwa, usikimbilie kusema kwamba mmoja wao amedanganya. Andika saa kama ilivyo katika waraka, kisha kando yake saa ya Greenwich kwa mfumo wa saa 24.

Ramani nyingi za Kifaransa za enzi hizo zilihesabu longitudo kutoka Paris, iliyo 2°20′ mashariki ya Greenwich. Ili kupata longitudo ya kisasa upande wa mashariki, jumlisha kiasi hicho. Bandari ya Pola, ambayo sasa ni Pula nchini Kroatia, iliyo karibu na 13°50′ mashariki ya Greenwich, husomeka takriban 11°30′ katika ramani ya aina hiyo, na mtu asiyejua atakapoiweka nukta yake katika ramani ya leo ataikuta nchi kavu, karibu na Ferrara, Italia. Nukta ikiangukia bara, kosa linajitangaza lenyewe. Ikiangukia bahari iliyo wazi, linaweza kuishi miaka mingi.

Mfano: Curie

Curie inafaa kuwa mfano kwa sababu inajaribu kila kanuni iliyotajwa. Ilishushwa majini Toulon tarehe 18 Julai 1912, ikiwa mojawapo ya nyambizi 16 za daraja la Brumaire, zilizotumia injini za dizeli juu ya maji na mota za umeme chini yake. Katika Desemba 1914, ikiongozwa na Gabriel O'Byrne, ilijaribu kupenya bandari ya Pola, kituo kikuu cha jeshi la maji la Austria-Hungaria. Tarehe 20 Desemba ilinaswa na nyavu za chuma zilizotandazwa kuziba njia ya kuingilia. Wanamaji walihangaika kwa saa kadhaa kujinasua huku betri zikipungua na hewa ikizidi kuwa nzito, hata ikawabidi waibuke mbele ya mizinga ya adui. Chombo kikazama na wengi wao wakatekwa.

Katika orodha ya Kifaransa ya vyombo vilivyopotea, habari inaishia hapo. Bodi, hata hivyo, ilikuwa bandarini katika maji yasiyo na kina kirefu. Waaustria waliiopoa, wakaitengeneza, na tarehe 1 Juni 1915 wakaiingiza katika jeshi lao kama U-14. Kuanzia Oktoba 1915 kamanda wake alikuwa Georg von Trapp, yule yule ambaye mwezi Aprili mwaka huo, akiwa na U-5, alikuwa ameizamisha manowari ya Kifaransa Léon Gambetta. Chini ya Waaustria chombo kilibadilishwa sana mwaka 1916: kilipata injini mpya, mnara mpya na nafasi kubwa zaidi ya mafuta. Tarehe 29 Agosti 1917 kilizamisha meli ya Kiitaliano Milazzo, yenye tani zinazokaribia 11,500, ambayo ilikuwa meli kubwa kuliko zote za biashara zilizozamishwa na nyambizi za Austria-Hungaria. Vita vilipokwisha kilirudishwa Ufaransa, mwaka 1919, kikachukua tena jina Curie na kutumika hadi 1928.

Kwa chombo kama hiki, jalada lako ligawanye katika sehemu tatu, na kila sehemu iwe na vipimo vyake, maofisa wake na nyaraka zake. Sehemu ya kati haiko Vincennes. Iko Vienna, katika Kriegsarchiv ya hifadhi ya nyaraka ya taifa la Austria, na imeandikwa kwa Kijerumani. Usichukue injini za 1916 ukazirudisha katika jedwali la 1912. Usiiandikie Ufaransa ushindi wa U-14, wala usiufiche kwa kuwa unaandika historia ya nyambizi ya Kifaransa. Angalia pia kwamba Ujerumani ilikuwa na U-14 yake, iliyozamishwa katika Juni 1915, mwezi ule ule ambao Curie ya zamani ilianza kazi chini ya bendera mpya, na programu za kutafutia nyaraka hazijui tofauti.

Kuelewa mashine ili kuelewa tukio

Matukio mengi hayaeleweki bila kujua chombo kilizama vipi. Narval ilikwenda juu ya maji kwa injini ya mvuke, na vivyo hivyo nyambizi 18 za daraja la Pluviôse zilizoundwa baadaye. Kabla ya kuzama ilibidi moto wa boila uzimwe, bomba la moshi literemshwe, matundu ya hewa yafungwe, ndipo maji yaingizwe katika matangi. Na joto lililobaki katika boila lilibaki ndani pamoja na watu. Narval mwanzoni ilihitaji takriban dakika 20 kwa shughuli hiyo yote. Kwa hiyo unaposoma kwamba nyambizi ya mvuke iligongwa usiku ikiwa juu ya maji, kama ilivyotokea kwa Monge mwishoni mwa Desemba 1915 ilipogongwa na Helgoland, manowari ya Kiaustria yenye mwendo wa kasi, usiulize tu kwa nini mlinzi hakuiona mapema. Uliza pia dakika ngapi zilihitajika ili chombo kitoweke, na linganisha na dakika zilizokuwapo. Kamanda wa Monge, Roland Morillot, alizama na chombo chake, na ndiye aliyepewa heshima ya jina katika ile nyambizi iliyotekwa kwa Wajerumani.

Ajali na waliokufa

Ajali za wakati wa amani zimeacha karatasi nyingi kuliko vita, maana zilileta tume za uchunguzi na maswali bungeni. Farfadet ilizama tarehe 6 Julai 1905 karibu na Sidi Abdallah, Bizerte, baada ya kuanza kuzamishwa ilhali kifuniko cha mnara hakijafungwa sawasawa. Kamanda na watu wawili walirushwa nje na hewa iliyotoka kwa nguvu. Waliobaki 14 walikufa, baadhi yao wakisikika kwa muda wakigonga bodi kutoka ndani wakati waokoaji wakishindwa kuinyanyua. Lutin ilizama karibu na bandari ile ile tarehe 16 Oktoba 1906 na watu 16. Pluviôse iligongwa na feri Pas-de-Calais nje ya Calais tarehe 26 Mei 1910, wakafa 27, na Vendémiaire iligongwa na manowari Saint-Louis katika mazoezi tarehe 8 Juni 1912.

Katika ajali hizi tofautisha mambo matatu: ripoti ya tume, hotuba za kisiasa zilizoifuata, na picha za magazeti, ambazo nyingi zilichorwa na watu wasiofika mahali pa tukio. Picha za kamera za kuopolewa kwa Pluviôse zina faida ya pekee, maana zinaonyesha jeraha lenyewe la bodi. Zitumie kukagua maneno ya ripoti.

Majina ya waliokufa yahakikishwe moja baada ya jingine. Kadi za Mémoire des hommes zilizo maarufu ni za waliokufa kwa ajili ya Ufaransa katika vita. Mabaharia wa Farfadet, waliokufa miaka tisa kabla ya vita, usiwatarajie humo. Watafute katika magazeti ya wiki ile, katika kumbukumbu za vifo za mahali walikozaliwa, na katika orodha za bandari ya chombo. Hesabu za magazeti ya siku ya kwanza huachana na hesabu za mwisho, kwa sababu orodha ya walioajiriwa katika chombo si orodha ya waliokuwamo asubuhi ile: wengine walikuwa likizo au hospitalini, na wakati mwingine alikuwamo ofisa au fundi mgeni aliyekuja kuangalia majaribio.

Kufunga jalada

Usimalizie katika tarehe ya kuzama mpaka umejua kama chombo kiliopolewa. Pluviôse iliopolewa na kurudi kazini, na vita vyote vilivyoanza 1914 viliikuta hai. Kwa Gymnote, iliyotumika kwa karibu miaka 20 kama chombo cha majaribio, mwisho ulikuwa kupelekwa kuvunjwa baada ya maji kuingia ndani yake mwaka 1907. Kwa vyombo vilivyobaki chini, kama Vendémiaire, mabaki yakipatikana yaandikwe kama sehemu ya mwisho, pamoja na mwaka wa kutambuliwa na namna utambuzi ulivyofanywa.

Kwa vyombo vilivyozeeka, tarehe ya kufutwa katika orodha, tarehe ya kuuzwa na tarehe ya kuvunjwa ni tarehe tatu, na mara nyingi zimeachana kwa miezi au zaidi. Nambari ya Q ya chombo ndiyo itakayokuonyesha kama tangazo la mnada ulilolikuta ni la chombo chako au la mwenzake wa jina.